Samaki wa Mgeni

Nimerudisha baiskeli ya ofisi, ubao wa kupimia, mizani ya ndoana na ufunguo wa stoo. Karani alitia alama kwenye kila kitu, kisha akauliza kama nimebaki na mali yoyote ya serikali. Nilimjibu kwamba nimebaki na jambo moja, ila halimo kwenye orodha yake. Akacheka, akafunga daftari. Jambo hilo ndilo ninaloliandika hapa, kwa ajili yenu mliobaki, mnaofanya hesabu zenu kwa vitabu nilivyoviacha. Sitaeleza nilipandishwa cheo lini. Nilipanda mara moja. Mshahara nao, kila aliyefanya kazi miaka ile anaujua.

Nilianza mwanzoni mwa mwaka 1979, Arua mjini. Nilikuwa nimeishia darasa la saba Koboko, mtoto wa askari na mjukuu wa askari, na watu wa kwetu walishangaa kwamba sikwenda jeshini. Nilikuwa naogopa bunduki. Sina maelezo mengine. Ofisi yetu ya idara ya samaki ilikuwa vyumba viwili karibu na soko, ikinuka chumvi na angara. Kwa asiyetoka kwetu, angara ni samaki mweupe kama bati jipya, mwenye miiba mingi kuliko nyama. Hutolewa kwenye Nile, hupasuliwa, hutiwa chumvi, huanikwa juani, kisha huuzwa Arua na Koboko hadi ng'ambo, Zaire. Siku zile hapakuwa na jiko West Nile lisilojua harufu yake.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Ondoga, mtu wa Dadamu, mpimaji aliyeitangulia hata samani ya ofisi. Alitazama viatu vyangu, kisha mikono yangu.

"Wewe mtoto wa Koboko," alisema, "kwenu munapimaga nini? Risasi?"

"Hapana, Mzee."

"Basi leo utapima kitu hapana lipuka."

Alimlaza angara juu ya ubao. Ubao una kizuizi upande mmoja na mistari ya sentimita iliyochongwa kwa urefu wake. Pua ya samaki inagusa kizuizi, mwili unanyooshwa, na unasoma pale mkia unapogawanyika. Ncha ya mkia huisomi, kwa sababu hukatika kwenye wavu. Nilisoma urefu wangu wa kwanza kwa sauti, kama mtu anayesoma Kurani mbele ya wageni. Mzee Ondoga alinigonga kiganjani kwa penseli. Samaki alikuwa ameachama, na samaki aliyeachama huongeza urefu.

"Funga mdomo ya samaki kwanza," alisema. "Halafu funga yako."

Tulifanya kazi pamoja kwa miezi michache tu, na karibu kila ninachokijua kilitoka kwenye miezi hiyo. Andika kwa penseli, maana kurasa zikilowa wino hutoroka. Usikadirie. Samaki akianguka akakatika, andika kwamba ameanguka. Na kutoka kila mtumbwi pima samaki thelathini bila kuchagua: tia mkono kikapuni huku ukitazama pembeni, chukua unayemgusa.

Siku moja nilimuuliza tunapima urefu wa nini, wakati watu wanataka kula tu. Hakukasirika. Aliniuliza: "Ukiingia kijiji, unaona watoto tu, watoto tu, hapana mzee hata mmoja, utasema nini?"

"Nitasema kuna kitu kinaua watu, Mzee. Hawafiki uzee."

"Basi. Hapana mutu anaweza kuingia mto ahesabu samaki. Lakini unapima hii inatoka, unajua hii imebaki. Siku wakubwa wataisha juu ya ubao yako, ujue tunavua kushinda mto inavyozaa. Siku hiyo unakimbia kuambia wakubwa wa ofisi. Kazi yako ni hiyo tu. Ingine yote ni kunuka."

Baadaye nilikutana na wataalamu wenye shahada waliotumia siku tatu na ubao mzima wa chaki kusema neno hilohilo.

Mwaka ule haukufika nusu serikali ikaanguka, na jeshi lililoshinda likawa linakuja kaskazini. Sisi wa Koboko, kwao rais aliyeangushwa, tena wenye majina yetu ya Kiislamu, hatukuhitaji kuelezwa tutahesabiwa upande gani. Nilimchukua mke wangu, Mama Rajabu, na mtoto, tukavuka kuingia Zaire. Nyuma ya baiskeli nilifunga ubao wa kupimia. Mke wangu aliniuliza kwa nini ubao na si godoro; nikaendelea kukaza kamba. Huko Zaire alikatia bamia juu yake kwa miaka. Zile alama zilizo katikati ya ubao, ambazo baadhi yenu mnawaambia wageni kwamba ni meno ya mamba, ni kisu cha mke wangu.

Mzee Ondoga alikataa kukimbia. Alisema yeye hajagombana na mtu, na vitabu vya vipimo havina miguu. Tuliporudi, katikati ya miaka ya themanini, nilipelekwa Dadamu nikaonyeshwa kaburi lake pembeni ya shamba la muhogo. Alipigwa risasi mlangoni pa ofisi. Hakuna aliyejua, au aliyetaka kusema, nani aliyempiga. Vitabu vyake vilikuwa vimechanwa na wauza karanga sokoni. Nilikaa pale kaburini nikaitazama mihogo mpaka mjane wake aliponiletea maji. Kisha nikaenda kuripoti kazini. Ofisi ilikuwa imebaki kuta.

Kwa hiyo tulianza upya, bila rekodi hata moja ya zamani. Mkuu mpya wa ofisi, ambaye simtaji jina kwa kuwa ana watoto, alisema hilo ni jambo jema: tutaanza na ukurasa safi. Makao makuu yalituletea mtaalamu wa kutufundisha kwa wiki moja. Alikuwa amefanya kazi baharini, kwenye bandari ya samaki aina ya jodari, na kitabu chake kilijaa picha za samaki wakubwa kuliko yule aliyewashika. Jodari huvuliwa na meli, wakagandishwa mle ndani kwa wiki nyingi, na wakishushwa bandarini mpimaji husimama na koleo lake kubwa la kupimia kati ya mabaharia wasiomjua wala kumjali. Kwa vipimo hivyo nchi nyingi hukaa mezani kukadiria wamebaki jodari wangapi baharini, na kila nchi ivue kiasi gani. Tulimsikiliza kwa heshima. Kati yetu hakuna aliyewahi kuiona bahari.

Jambo moja alilosema nililiandika. Alisema wafanyabiashara wa bandarini huwagawa jodari kwa ukubwa kabla mpimaji hajafika, wakubwa huku na wadogo kule, na mpimaji mvivu hupima rundo lililo karibu. "Ukiletewa samaki," alisema, "usipime. Uliza kwanza ametoka wapi na wenzake wako wapi." Nililipigia mstari. Siwezi kusema sikuambiwa. Nilidhani ni onyo kuhusu watu wenye tamaa, na huko nilikokwenda kupima sikuona tamaa yoyote.

Nilipewa Awuvu, mwalo mdogo wa wavuvi chini ya Rhino Camp, mitumbwi kumi na kitu na vibanda vya kuanikia samaki. Nilikwenda kila Alhamisi, kwa lori la mizigo hadi barabara inapoishia na kutoka hapo kwa baiskeli. Wa kwanza kuniita kwa jina alikuwa Aluma, mvuvi mrefu mwembamba, pengo mbele, mtu ambaye vita vilimwachia mke na mtumbwi na kuchukua wengine wote. Siku ile ya kwanza alikuja kunisimamishia baiskeli.

"Bwana Samaki! Arua iliona sisi iko hai?"

"Imeona."

"Basi Arua iko na macho nzuri. Karibu. Mutu ya serikali hapana simama kwa jua."

Nilipokwisha kunywa maji, nilikuta mkeka wa mafunjo umetandikwa kivulini na angara thelathini wamepangwa juu yake, vichwa upande mmoja, wakimeta. Mama Ayikoru, mke wa Aluma, alikuwa amewasuuza mchanga. Pembeni palikuwa na mtumbwi uliofunikwa kwa gunia na majani. Nilipima. Kila mtumbwi ulikuwa na mkeka wake. Nilimaliza kazi ya siku nzima kabla ya adhuhuri, sikutia mkono kikapuni hata mara moja, na nilirudi Arua nikiwa na kitabu safi kuliko cha mpimaji yeyote wa wilaya. Mkuu wa ofisi alikionyesha kwa wenzangu. "Hivi ndivyo kitabu kinavyotakiwa," alisema. Nilifurahi. Hilo nalo lazima niliandike.

Nilikwenda hivyo miaka. Aluma akawa mtu wangu. Alinizikia mama yangu, maana yake alitembea kutoka Awuvu hadi Koboko na kundi la wavuvi wanne kuja kushika jembe. Nilimpelekea chumvi na dawa ya kuhara. Alinitania kwamba mimi ndiye mwanamume pekee wa West Nile anayelipwa kwa kushika samaki wa watu wengine. Nilipoinama juu ya ubao, alisimama nyuma yangu kama baba wa bibi harusi, akihakikisha kwamba vitu vya nyumba yake vinapokelewa vizuri.

Wakati huo watu walikuwa bado wanarudi kutoka Zaire na Sudan, mikono mitupu, na wengi walishuka mtoni kwa sababu mto haukuomba mtaji mkubwa. Wakaomba waruhusiwe nyavu za macho madogo, zilizopigwa marufuku tangu zamani. Makao makuu yaliuliza ofisi yetu: hali ya samaki ikoje? Mkuu aliniita.

"Kitabu chako kinasema nini?"

"Kinasema angara ni wakubwa, Bwana Mkuu, na hawajapungua urefu tangu nilipoanza."

"Wewe mwenyewe unaonaje?"

"Ninaona kilichomo kitabuni."

Alhamisi iliyofuata nilimweleza Aluma. Alikuna kidevu, akatazama maji. "Mimi nilikuwa nafikiri samaki inapungua kidogo," alisema. "Lakini wewe iko na kitabu. Kitabu inasema iko?"

"Inasema iko."

"Basi iko," alisema, akacheka, na pengo lake likaonekana.

Nyavu ndogo ziliruhusiwa. Kwa nini yeye, aliyekuwa akiuona mtumbwi wake kila asubuhi, aliamini kitabu kuliko macho yake, nimejiuliza kwa miaka. Nadhani alidhani nilikuwa na njia nyingine ya kujua, njia ya serikali, na kwamba mkeka wake ulikuwa adabu tu.

Wa kwanza kuniambia ukweli alikuwa mke wangu, na sikumsikia. Mama Rajabu alikaanga na kuuza samaki Koboko sokoni. Nyumbani tunasema Kinubi. Naandika maneno yake kwa Kiswahili. "Baba Rajabu," alisema jioni moja akisugua karai, "zamani angara mmoja alijaza sahani. Siku hizi naweka watano na mteja bado ananiuliza mchuzi uko wapi na samaki yuko wapi."

"Unanunua kwa watu wabaya."

"Ninanunua kwa watu wa mto. Wale wakubwa unaowapima wewe wanauzwa soko gani, niende?"

Nilimjibu kwamba sampuli ya soko si sampuli ya mwalo. Ni kweli, imeandikwa kitabuni. Alinitazama kama mtu anayemtazama mwenye homa, akaendelea kusugua.

Ishara nyingine niliiona na kuitafsiri vibaya. Awuvu walianza kuniweka nikingoja. Chai kwanza. Kisha muhogo. Kisha habari za wagonjwa, mmoja mmoja, mpaka jua likawa utosini na mikeka haijatandikwa. Wanaume walipitapita nyuma ya vibanda. Nilidhani wamenizoea, na kwamba mtu akizoewa hucheleweshwa. Niliandika kwenye ripoti kwamba ushirikiano wa jamii unazidi kuwa mzuri.

Kisha ikaja Alhamisi moja ambayo Aluma hakuja kunipokea baiskeli. Mwalo ulikuwa kimya. Mzee mmoja wa mitumbwi, aliyeitwa Candia, alinishika mkono akaniambia kwamba Jumanne kiboko alimpindua Aluma ndani ya mafunjo ya juu, mahali ambapo wavuvi wa Awuvu hawaendi, na akamkata kwa meno. Walimzika jana, Jumatano. Nilikaa chini mchangani. Hakuna aliyeniletea chai siku ile, na nilishukuru. Baada ya muda Candia alisema, kwa sauti ya chini, "Mkeka iko tayari, Bwana Samaki."

Mikeka ilikuwa imetandikwa. Siku moja baada ya mazishi, watu wakiwa hawajanawa udongo wa kaburi sawasawa, walikuwa wametandika mikeka yangu. Nilipima kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Kwenye mtumbwi wa kwanza kulikuwa na angara mmoja mkubwa mwenye kovu la wavu la zamani nyuma ya kichwa, upande wa kushoto. Nilimpima. Kwenye mtumbwi wa tatu nilifunga mdomo wa samaki, nikamnyoosha, na kovu likanitazama. Nilisoma ubao. Urefu uleule.

"Huyu nimeshampima," nilisema.

"Hiyo ni pacha," alisema kijana mmoja. Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Nikauliza tena. Ndipo Mama Ayikoru aliponyanyuka kutoka mahali wanawake walipokuwa wamekaa msibani, akaja, kitambaa cha msiba kichwani.

"Hapana sumbua hao," alisema. "Uliza mimi. Samaki kubwa iko tatu, nne, kwa mwalo yote. Wewe ukipinda kuandika, tunapeleka mtumbwi ya mbele. Ingine tunaomba kwa mwalo ya jirani."

"Tangu lini?"

"Tangu ulikuja. Mwanzo kila mutu alichagua yake, ikatosha. Halafu ikapungua, tukaanza kuazimana."

"Mama Ayikoru, kwa nini hamkuniambia?"

Alinishangaa kwa dhati. "Tukuambie nini? Wewe mgeni. Unatoka Arua na baiskeli, jua yote hiyo, unakuja kuangalia kazi ya mume yangu. Mimi nikufunulie takataka? Hata mukwe hapana onyeshwa hiyo." Sauti yake haikupanda. "Jumatatu tulitafuta, hapana kitu. Jumanne asubuhi akasema, Alhamisi mutu yangu anakuja, atapima nini? Akaingia mafunjo. Huko ndani bado iko kubwa."

Hakusema kwa kunilaumu. Nimetafuta lawama katika maneno yale mara nyingi, kwa sababu lawama ningejua pa kuiweka.

Niliondoa gunia kwenye mtumbwi wa karibu. Chini yake walikuwemo angara wa siku ile, wale wa kweli, wamejaa hadi magotini, na sehemu kubwa yao hawakuzidi kidole changu cha kati. Watoto watupu. Kile kijiji alichonieleza Mzee Ondoga, nilikuwa nimekitembelea kila Alhamisi kwa miaka na kupokewa na wazee wanne waliokuwa wakinizunguka kwa nyuma na kunisalimia tena. Nilitia mkono nikitazama pembeni, nikapima thelathini. Mitumbwi yote. Wanawake waliona aibu, wengine waligeuka. Kitabu kilichokuwa kimenyooka miaka yote kiliporomoka siku moja, kwa mwandiko wangu.

Jumatatu niliingia kwa mkuu wa ofisi, nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na haki ya kunifukuza, na nilikuwa tayari.

"Umewaambia watu wengine?"

"Bado, Bwana Mkuu."

"Unajua vipimo hivi vimekwenda wapi? Vimefika makao makuu, vimewekwa kwenye ripoti, nyavu zimeruhusiwa kwa ajili yake. Sasa unataka niandike kwamba miaka yote hiyo tulipima adabu?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Nenda nyumbani. Umefiwa."

Nilikwenda nyumbani nikaandika barua yangu mwenyewe kwa makao makuu, kurasa nne, kwa wino. Nilieleza mikeka, mtumbwi uliofunikwa, samaki wa kovu. Niliomba vipimo vyangu vyote vya kabla ya siku ile vifutwe. Nilitaja Awuvu kwa jina kwa sababu nilifundishwa kuandika mahali. Jibu halikuja. Waliokuja ni watu, miezi mingi baadaye, na magari mawili na askari. Waliambiwa Awuvu kuna nyavu ndogo na udanganyifu. Serikali yenyewe ndiyo iliyoziruhusu nyavu hizo; mwezi ule, ilionekana, ilikuwa imeacha kuziruhusu. Walizikusanya wakazichoma mchangani. Mialo mingine haikuguswa, kwa sababu mialo mingine haikuwa na mtu wa kuiandikia barua. Wavu wa Aluma, ambao mjane wake alikuwa anaukodisha kwa Candia apate chakula cha watoto, ulikuwa wa kwanza kuungua.

Nilifika Alhamisi. Majivu ya nailoni hayapeperuki. Yanaganda mchangani kama lami. Mama Ayikoru alikuwa anaanua samaki wachache kutoka kibandani.

"Ni wewe uliandika?"

"Ni mimi."

"Uliandika na jina ya mwalo?"

"Niliandika."

Aliendelea kuanua. Aliwaweka samaki kwenye ungo, akawafunika kwa kanga, akaunyanyua ungo kichwani. "Basi hii Alhamisi iishe," alisema. "Kama njia iko kwa mwalo ingine, pita huko."

Nilipita huko. Nilimaliza miaka yangu iliyobaki kwenye mialo mingine, nikitia mkono kikapuni, nikikataa mikeka, na nikajulikana kama mtu asiye na adabu, asiyekunywa chai ya watu. Vipimo vyangu vya miaka hiyo ni vya kweli. Awuvu alipelekwa mpimaji mwingine, nikampa onyo, na amepima vizuri. Mama Ayikoru alihamia kwa ndugu zake, Ayivu, analima. Nilikwenda mara moja kumtazama. Alinipa kiti na maji, akaniuliza habari za Mama Rajabu, na hakukaa.

Ningeweza kuyabeba haya kimya, kama nilivyoyabeba mengine. Lakini siku ya kuniaga, baada ya soda na hotuba, mmoja wenu, kijana mwema mwenye shahada, alinipeleka chumba cha pili kunionyesha mchoro ukutani. Alidhani ananipa zawadi. Ni vipimo vya angara wa Awuvu tangu nilipoanza. Mstari unakwenda umenyooka kama barabara mwaka hadi mwaka, kisha unaanguka wima. Alinieleza kwa furaha kwamba mmegundua sababu: mwaka ule ndio magugu maji yalipoingia kwetu mtoni, yakaziba mazalio. Na kwa kuwa magugu yanaondolewa, mnapendekeza nyavu ndogo zirudishwe, maana mchoro unaonyesha wazi kwamba samaki waliishi na nyavu zile miaka mingi bila kudhurika. Nilifungua mdomo. Mtu akaja na keki. Nilisema tutazungumza, na hatukuzungumza.

Nakala ya barua yangu ya kurasa nne imo kwenye faili la Awuvu, kama panya wameisaza. Isomeni kabla hamjatuma pendekezo lenu. Kila kilichoandikwa kabla ya mstari kuanguka kitoeni kwenye hesabu, hata kama mtabaki na mchoro mfupi usio na uzuri. Mkihitaji sahihi yangu kwamba nilipima vibaya, ninakaa Koboko, kila mtu sokoni anamjua mume wa Mama Rajabu, na nitatia sahihi mara nyingi kadiri mtakavyo. Mkirudisha nyavu zile kwa kuutegemea mstari ule ulionyooka, safari hii hamtakuwa na kisingizio changu, kwamba hamkujua.

Na pale mstari unapoanguka, mlipoandika "magugu maji" kwa kalamu nyekundu, futeni. Wiki ile hakuna kilichowapata samaki. Walikuwa wamekwisha zamani. Wiki ile alikufa aliyekuwa akinitafutia wakubwa.